Maswali yenu ya filamu: bahari, wimbo na mkataba

Maswali ya safari hii yametoka Bagamoyo, mengi ya vijana wanaotaka kuongoza filamu bila kampuni nyuma yao. Nimeyafupisha.

Nina simu tu. Naweza kupiga filamu fupi ufukweni? (Kijana wa Dunda)

Unaweza, mdogo wangu. Picha ya simu siku hizi haikuangushi; kitakachokuumbua ni sauti. Upepo ukivuma pale pwani, simu inanasa mvumo mtupu. Tafuta maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, yenye manyoya yake ya kuzuia upepo, au wapeleke waigizaji nyuma ya ukuta.

Halafu kuna maji. Wengi huanza asubuhi na shoti ya mbali: maji yamekupwa, ngalawa zimelala ubavu mchangani, mwigizaji anatembea huku anaongea. Mchana wanarudi kupiga uso wake kwa karibu, na nyuma yake ngalawa zile zile zinaelea. Ukija kuunganisha, mtu kaanza sentensi pakavu kaimalizia majini! Maji huchukua kama saa 6 kujaa, na kesho yake huchelewa kwa dakika 50 hivi. Basi waulize wavuvi kabla hujapanga ratiba. Tukio likiwa refu, kwepa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ufukwe haubadiliki sana.

Lazima kibali? (Mwanafunzi, Magomeni)

Ndiyo. Sheria ya filamu ni ya 1976, na kibali kinatolewa na Bodi ya Filamu. Ukitaka magofu ya Kaole, zungumza pia na wanaoyasimamia.

Nimeweka wimbo wa taarabu ninaoupenda. Filamu ni ya mazoezi tu, kuna ubaya?

Ya mazoezi leo. Kesho tamasha likiitaka utafanyaje?

Charles Burnett, mwongozaji wa Marekani, alipiga *Killer of Sheep* akiwa mwanafunzi wa UCLA, Chuo Kikuu cha California, wikiendi baada ya wikiendi, mtaani Watts, Los Angeles, kwa bajeti isiyofika dola 10,000. Wengi wa walioigiza hawakuwa waigizaji wa kazi. Nyimbo aliziweka bila kulipia haki, maana ilikuwa kazi ya chuo, aliyoikabidhi 1977. Mwaka 1990 filamu ikaingizwa kwenye orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa. Heshima hiyo yote, na bado haikutoka rasmi kwenye majumba ya sinema hadi 2007, haki za muziki zilipolipiwa kwa takriban dola 150,000. Muziki ukaizidi filamu yenyewe kwa gharama mara 15 na zaidi.

Wewe uko Bagamoyo, mji wenye TaSUBa, chuo cha sanaa, na wapiga muziki kila kona. Mwombe mmoja akutungie, akusainie karatasi, na umlipe hata kama ni kidogo.

Mwanangu anataka kusomea filamu. Atakula nini? (Mama wa Kaole)

Shikamoo mama. Sitakudanganya: miaka ya mwanzo atakula kwa kupiga video za harusi, kuhariri kazi za wenzake na kutengeneza vipindi vya mashirika. Filamu yake ataifanya usiku. Wapo wanaochelewa na kufika: Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli bandarini Marseille, akawa mwandishi wa riwaya, na alipokwenda Moscow kujifunza sinema mwaka 1962 alikuwa anakaribia miaka 40. Mwache asome, ila asiache kujifunza kuhariri. Mhariri halali njaa.

Msambazaji anataka kununua filamu yangu moja kwa moja, "haki zote, milele". Hela ni nzuri.

Usisaini. Wengi wa Bongo Movie waliuza hivyo enzi za DVD, kisha wakawa wanaitazama kazi yao kwenye televisheni bila kupata hata nauli. Mpe leseni ya miaka 2 au 3, taja nchi na njia za kuonyeshea, na usajili kazi Ofisi ya Hakimiliki kabla hujamkabidhi nakala. Akikataa masharti hayo, mrudishie mkataba wake.