Maswali ya Wasomaji: Mwanangu hataki kukanyaga mchanga

*Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka minne. Tangu aanze kutembea hakubali kukanyaga mchanga peku, nasi tunakaa karibu na ufukwe. Akishika ugali wa muhogo hutapika. Chakula chake ni wali mkavu na mkate. Ngoma za unyago zikilia mtaani, huziba masikio na kuingia uvunguni. Bibi yake anasema nimemdekeza, achapwe atazoea. Je, huu ni ugonjwa?*
*Mama wa watoto watatu, Mikindani*

Marahaba, mama. Naomba kwanza bibi asomewe jibu hili, kwani neno lake lina uzito nyumbani: mtoto huyu hajadekezwa, na fimbo itamwongezea hofu juu ya kile ambacho tayari kinamtisha.

Mbali na macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, tuna milango mingine miwili ya fahamu isiyotajwa sana: kiungo kilicho ndani kabisa ya sikio, kinachotujulisha kichwa kinapoinama au kuzunguka, na vipokezi vya kwenye misuli na maungio, vinavyotujulisha mkono uko wapi hata tukiwa tumefumba macho. Ubongo huchuja na kupanga taarifa hizo zote ili mtu aweze kutenda. Jean Ayres, mtoa tiba kwa vitendo (mtaalamu anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) wa Marekani aliyeandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1972, alieleza kwamba wapo watoto wenye macho na masikio mazima ambao hupata shida kwa sababu upangaji huo hauendi sawa. Kwa maelezo yako, yaelekea mguso ambao wewe huuhisi kidogo humfikia mwanao kwa nguvu ya kutisha, naye hujihami.

Kuhusu kuuita ugonjwa, nakuomba uwe mwangalifu. Mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri hali hii isihesabiwe kama ugonjwa unaojitegemea, bali mtoto achunguzwe kama ana usonji, shida ya umakini, wasiwasi au tatizo jingine la ukuaji. Wako watoto wengi wenye hisia kali ambao hawana usonji. Hata hivyo, ikiwa mwanao haitiki akiitwa jina, hakuonyeshi vitu kwa kidole, hachezi na wenzake au maneno yake ni machache kuliko ya rika lake, usisubiri. Mpeleke Hospitali ya Ligula mjini Mtwara au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, uulizie mtoa tiba kwa vitendo, na asipokuwepo uombe rufaa. Kwa kuwa chakula chake ni cha aina mbili tu, apimwe pia uzito na wingi wa damu.

Nyumbani, anza na mchanga mkavu kidogo ndani ya beseni, yeye akiwa mapajani mwako na kijiko mkononi, na umwachie yeye aamue lini kidole kiguse. Mgandamizo imara huvumilika kuliko mguso mwepesi, kwa hiyo kabla ya mchezo huo mkumbatie kwa nguvu ya kiasi, au mpe kazi ya kubeba kidumu kidogo cha maji. Ugali uwe kwenye sahani pembeni ya wali, bila kulazimishwa. Kuukoroga kwa mwiko au kuunusa tu ni hatua. Ngoma mjulishe mapema, mkasikilize kwa mbali, na akiziba masikio mwache. Katika michezo hii ya kugusa, nasisitiza jambo moja kwa wakazi wa mikoa yetu ya korosho: msiwape watoto korosho mbichi zenye maganda wachezee, kwani mafuta ya ganda huunguza ngozi.

Matokeo ya utafiti juu ya tiba hii ya kumzoesha mtoto hisia zinazomsumbua hayajawa ya namna moja, ndiyo maana mimi hupendelea lengo linaloonekana kwa macho, kwa mfano mtoto kutembea peku hadi kwa jirani. Miezi ikipita bila badiliko, mbinu ibadilishwe. Anayekuahidi kumponya kwa wiki moja usimpe fedha yako.

*Mwanafunzi wangu wa darasa la awali hatulii, huwagonga wenzake, hutafuna kola mpaka ikalowa, na wakati wa mapumziko hula udongo. Nimsaidieje?*
*Mwalimu, Nachingwea*

Mwalimu, udongo ushughulikiwe kwanza na peke yake. Hamu ya kuula mara nyingi huambatana na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe huweza kubeba mayai ya minyoo. Washauri wazazi wampeleke kituo cha afya apimwe damu, na masikio yake yachunguzwe hapo hapo.

Hayo mengine yanafanana na hali ya mtoto ambaye mwili wake unatafuta msukumo mkubwa zaidi ili utulie. Kabla ya somo la kukaa, mpe kazi inayotumia misuli: kusogeza benchi pamoja na mwenzake, kufuta ubao, kurukaruka na darasa zima. Mkalishe mwisho wa safu ili asiguswe pande zote, na mfungie kitambaa safi kifundoni mwa mkono akitafune badala ya kola. Akikosea, tafadhali usimnyime mapumziko, maana ndiyo saa ambayo mwili wake hupata mwendo unaomwezesha kukusikiliza baadaye.