"Catch" si kukamata tu

Swali: Nauza sangara Mwaloni, Kirumba. Mteja mgeni aliulizia bei ya "today's catch", nilipoitaja akasema, "What's the catch?" Alikuwa anarudia swali?

Jibu: Hapana, ndugu msomaji. Yote mawili ni nomino. La kwanza ni samaki wote waliovuliwa leo. La pili huulizwa bei inapoonekana nafuu mno. Anataka kujua kuna kasoro gani iliyofichwa. Mjibu wazi, kwa mfano kwamba samaki ni wa jana. "Catch" likiwa kitenzi, tazama neno linalofuata: "catch a bus" ni kuwahi basi, "catch a cold" kupata mafua. "I didn't catch that" ni "sikukusikia vizuri", sentensi yenye faida kubwa sokoni. Wakati uliopita ni "caught", hutamkwa "koot". "Catched" ni kosa.