Nililia madhabahuni, vitunguu vya watu vikabaki kwangu

Bwana Yesu asifiwe.

Jumanne iliyopita, saa nane usiku, kijana mmoja alinitumia ujumbe. Ameniruhusu niuweke hapa bila jina lake: "Shikamoo mjomba. Nimeokoka tangu Pasaka. Nimetubu kubeti mara saba na bado narudi. Wiki hii nimeweka mkeka kwa hela ya kikoba cha mama. Hivi Mungu hajanichoka?"

Ningeweza kumrushia mistari kumi, ninayo kichwani. Lakini swali hilo niliwahi kulibeba mimi mwenyewe, tena nikiwa na suti na cheo kanisani. Ndiyo maana namjibu hapa kwa urefu, ili nanyi wengine mnaotaka kumfuata Yesu kwa kweli, si kuhudhuria ibada tu, mpate kusikia.

Kuanzia 2014 nilikuwa mfanyabiashara wa vitunguu. Nilinunua Ruaha Mbuyuni, pale barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapokutana na mashamba ya umwagiliaji ya Mto Lukosi, nikauza Dar es Salaam. Aliyewahi kupita pale na basi ameona vitunguu vilivyorundikwa kando ya lami. Na kama ameangalia vizuri ameona lumbesa: gunia limejaa hadi mdomoni, kisha juu yake pameshonewa nyavu na kuongezwa vitunguu mpaka gunia linaota kichwa. Sheria inasema gunia lisizidi kilo 100. La kwangu lilifika 130. Mkulima nilimlipa gunia moja. Nikifika mjini nafungua, napima upya kilo mia mia, na magunia kumi ya Mbuyuni yanakuwa kumi na matatu. Hayo matatu ndiyo yaliyosomesha wanangu.

Wala sikuwa mpagani. Nimepata kipaimara Bukoba, na Katekisimu Ndogo ya Luther, kile kitabu cha mafundisho ya msingi, niliikariri mbele ya mchungaji bila kukosea. Maelezo ya amri ya saba, usiibe, yanataja waziwazi biashara ya udanganyifu. Niliyasema kwa sauti kubwa, mama akafurahi, tukala ndizi na nyama. Kukariri hakunishindi hadi leo.

Halafu nilikuwa mtu wa machozi. Kila mkutano wa injili nilikwenda mbele. Nimelia viwanjani, nimelia kwenye mikesha, nimelia hadi mhubiri akanitumia kama mfano wa moyo uliopondeka. Jumatatu nipo Mbuyuni, sindano ya kushonea nyavu mkononi. Sikuona mgongano wowote. Nilidhani toba ni yale machozi, na kwamba Mungu anayapima kwa ujazo.

Sasa sikieni kilichonivunja. Mwaka 2021 nilikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili moja nilipewa kuhamasisha sadaka. Nikafungua Luka 6:38, mstari wangu nilioupenda kuliko yote: kipimo cha kujaa na kushindiliwa, na kusukwa-sukwa hata kumwagika. Nilikuwa naonyesha kwa mikono jinsi Mungu anavyoshindilia, nikipiga na mguu. Nyuma kabisa mtu akacheka. Siyo kicheko cha chinichini, ni kile cha mtu aliyeshindwa kujizuia. Nikamwona: ni kuli wangu, kijana aliyenishushia mizigo sokoni miaka minne. Alikuwa ameanza kusali kwetu mwezi ule.

Baada ya ibada nikamfuata kwa hasira. Akasema, "Samahani mzee, ulivyokuwa unapiga mguu nikakumbuka tunavyoshindilia lumbesa." Hakuwa ananikemea. Alidhani ni utani tuliokuwa nao wote wawili.

Sikulala. Wiki tatu nilisoma Biblia kama mtu anayesoma hati ya mashtaka. Amosi 8:5 inawataja wafanyabiashara wanaopunguza efa na kuongeza shekeli, yaani kipimo wanachouzia ni kidogo na jiwe la kupimia fedha wanayopokea ni zito. Nabii yule hakuwahi kufika Mbuyuni, lakini alinijua. Kisha Mambo ya Walawi, sura ya 6: aliyemdhulumu jirani yake arudishe kitu chenyewe, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe, ndipo alete kondoo wa sadaka. Mimi miaka yote nilikuwa naleta kondoo tu.

Nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa mtu wa uamsho, ule ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuvuka hadi kwetu Buhaya. Watu wake walikuwa na neno moja, kutengeneza. Umeiba? Nenda ukatengeneze. Umemsengenya mtu? Nenda ukatengeneze. Bibi alisimulia jirani aliyerudisha misheni koleo likiwa limeshaisha makali, na namna wazungu walivyolishika wasijue la kufanya nalo. Sisi wajukuu tulimcheka. Tuliona imani yao ni ya kishamba, haina kipaza sauti.

Nilikuwa na madaftari. Mfanyabiashara yeyote makini ana madaftari, na hapa niseme bila kujivuna sana kwamba yangu yalikuwa safi kuliko ya wengi pale sokoni. Ya zamani yaliliwa na mchwa, yakabaki ya 2019 na 2020: wakulima 41, magunia 380. Kila gunia kilo 30 za ziada, jumla kilo 11,400. Nikazipigia shilingi 800 kwa kilo, ikatoka milioni tisa na laki moja na ishirini elfu. Nikaongeza sehemu ya tano: 10,944,000. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alisema atarudisha mara nne. Samahani, sikuweza mara nne.

Nikauza kiwanja chetu cha Mlandizi.

Nimeandika "chetu", lakini siku ile niliuza kama changu. Mke wangu aliambiwa jioni, fedha zikiwa zimeshaingia. Kiwanja kile aliweka humo faida ya genge lake ya miaka mitano. Nilitegemea aseme haleluya. Akanitazama, akasema, "Kwa hiyo umetubu kwa jasho langu." Akaingia chumbani. Nilimwona hana imani, nikasema hivyo, tena kwa maandiko. Miezi miwili ilipita kabla sijaelewa kwamba nimetoka kutengeneza wizi mmoja kwa kufanya mwingine. Jina lake likaingia daftarini, la 42. Deni lake bado nalilipa kidogokidogo, na ndiyo ya kwanza kulipwa kila mwezi. Ndugu zangu wanaume, someni aya hii mara mbili.

Mbuyuni nilikwenda safari sita. Kati ya wale 41 niliwapata 26. Msidhani nilipokelewa kwa vigelegele. Mzee mmoja alihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye kanga ya mkewe, akauliza, "Na za ule mwaka wa mafuriko?" Mwingine alicheka, akaniita mwehu, akapokea. Mama mmoja, aliyekuwa ananiuzia magunia nane kila msimu, alikataa katakata. Alisema mwaka ule mwanawe wa kwanza aliacha shule kidato cha pili kwa kukosa hela. "Sasa hii unairudisha kwa nani?" Akaendelea kuchambua vitunguu vyake. Nilisimama pale na bahasha, sina mstari wa kusema. Niliyekuwa na mistari.

Na kanisani? Hili naandika pole pole maana bado linauma. Nilimweleza kiongozi wangu faraghani, nikitaka ushauri. Jumapili iliyofuata kisa changu kilikuwa mahubiri. Sikutajwa jina, ila alisema "Zakayo wetu wa vitunguu", na wafanyabiashara wa vitunguu pale kanisani tulikuwa wawili, mwenzangu mwanamke. Watu wakapiga makofi. Wiki mbili baadaye baraza likaniondoa kwenye uzee kwa sababu nimelitia kanisa aibu. Makofi na aibu, mwezi mmoja. Walionitembelea nyumbani kipindi kile ni mtu mmoja: yule kuli. Alikuja na machungwa. Nimeshawasamehe wale wengine, nasema hivyo kila asubuhi, na kuna asubuhi ninasema mara mbili.

Basi, kijana wangu. Swali lako ni kama Mungu hajakuchoka. Nadhani aliyechoka ni wewe, kwa sababu unatubia mahali ambapo hakuna anayekudai. Juu ya zulia la kanisa hakuna mtu uliyemwibia. Neno la Kiebrania ambalo manabii walilitumia kwa toba maana yake ni kurudi tu, kama mtu aliyepotea njia anavyogeuka na kurudi alikotoka. Rudi alipo mama yako. Mwambie hela ya kikoba imeenda wapi. Usimwambie Mungu kwa niaba ya mama.

Andika majina. Hilo ndilo la kwanza ninalojua. Chukua daftari, andika jina na kiasi, maana dhambi isiyo na jina na kiasi ni rahisi kuililia. Kisha nenda. Usitume ujumbe wa simu, nenda na miguu yako. Kisha andika majina tena, kwa sababu ukirudi utakuta mengine yamejitokeza, kama la mke wangu lilivyojitokeza. Martin Luther mwaka 1517 alianza hoja zake 95 kwa kusema Kristo anataka maisha yote ya mwamini yawe toba. Nilipokuwa mwanafunzi wa kipaimara nilidhani ana maana ya huzuni ya kudumu. Siku hizi naielewa kama hesabu za duka: unafunga kila jioni, usipofunga leo kesho zimevurugika.

Na usiogope kusikia kwamba imani siyo matendo. Ndiyo, siyo. Sikununua msamaha kwa milioni kumi. Ningekuwa ninanunua ningedai risiti kwa yule mama. Nilisamehewa kwanza, bure, na nikaenda Mbuyuni kwa sababu sikuwa na cha kuficha tena. Wanaohubiri neema inayomwacha mwizi na mzigo wa watu mgongoni, sijui wamesoma Biblia gani. Ninyi mnaoimba sifa huku mizani yenu dukani ina jiwe lililochongwa chini, nawaambia leo, acheni. Nimekuwa huko. Mnajifanya hamjui, mnajua.

Leo nanunua kwa kilo. Nina mizani ya kuning'iniza, mkulima anasoma mwenyewe. Wenzangu wa lumbesa wananiharibia bei na faida yangu imeshuka karibu nusu. Kati ya ninaowafahamu sokoni hakuna mwingine aliyefanya hivi, na najua sipaswi kulisema kwa namna ninavyolisema. Yule kuli sasa anashika daftari langu la mauzo. Kila Ijumaa tunakaa, ananiuliza maswali ya ajabu ajabu kuhusu magunia, nami najibu. Amenishika kwa uongo mara mbili.

Kijana, namba yangu unayo. Ukishaongea na mama nipigie, hata ukiwa unalia. Jumatano tu hutanipata, kule mtandao unasumbua. Nakwenda Mbuyuni kwa yule mama wa magunia nane. Mwanawe sasa ana miaka ishirini na moja na nimesikia anataka kujifunza ufundi wa pikipiki. Sijui kama atanikaribisha. Mke wangu amesema safari hii anakuja, na bahasha ataishika yeye.