Nafasi ya kitenzi katika kishazi rejeshi cha Kiholanzi

Ndugu, umeuliza kwa nini "de man die woont hier" ilisahihishwa kuwa "de man die hier woont" (mwanamume anayeishi hapa). Katika kishazi kikuu cha Kiholanzi, kitenzi kinachobeba wakati na nafsi hukaa nafasi ya pili, lakini ndani ya kishazi rejeshi, yaani kile kinachoeleza nomino iliyokitangulia, kitenzi hicho husogezwa kuelekea mwisho, nyuma ya yambwa na vielezi. Sisi tuliozoea "anayeishi hapa" huvutwa kukitanguliza. Kirejeshi "die" hufuata nomino zenye kibainishi "de" na wingi wote, na "dat" nomino za umoja zenye "het", kama katika "het boek dat ik lees" (kitabu ninachosoma). Kwa hiyo nakusihi ujifunze kila nomino pamoja na kibainishi chake tangu mwanzo.