Barua kwa mwanangu: anayesimulia ndiye anayependeza

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako mama yako kaisoma kabla yangu, kama kawaida yake. Unauliza kama Green Book, ile ya Tony, dereva Mzungu anayemwendesha mpiga piano mweusi kwenye ziara ya kusini mwa Marekani mpaka wakawa marafiki, ni filamu nzuri, maana wenzako uliotazama nao wamegawanyika: kuna waliotoka wakifuta machozi ya furaha, na kuna wanaosema imetengenezwa kuwafariji Wazungu, kana kwamba ubaguzi huisha watu wawili wakila kuku pamoja garini.

Mabishano hayo si mageni. Mwaka 2018 watazamaji wa tamasha la Toronto waliipa tuzo yao, na Februari 2019 ikabeba Oscar ya filamu bora. Wakati huohuo ndugu wa Don Shirley, yule mpiga piano mweusi, walikuwa wameshasema hadharani kwamba urafiki ule haukuwapo, Tony alikuwa mwajiriwa tu. Mmoja wa walioiandika ni Nick Vallelonga, mtoto wa kumzaa wa huyo Tony. Na wenyewe wawili walikwisha kufariki, wote mwaka 2013, hakuna wa kuulizwa. Nimekwambia tangu u mdogo: anayesimulia ndiye anayependeza.

Mimi nami nilikuwa dereva, unajua. Unamkumbuka yule mtafiti wa Kizungu aliyekuwa akikuletea penseli za rangi? Tulizunguka naye barabara mbovu tukicheka, tukigombania redio. Siku ya kumuaga alisimama akahutubia. Akasimulia usiku ule gari liliponasa mtoni, jinsi mimi nilivyokata tamaa na yeye akanitia moyo mpaka tukavuka. Watu wakapiga makofi, mkewe akalia. Mwanangu, aliyekuwa akitetemeka usiku ule ni yeye! Aliyeshuka majini na sepetu ni mimi. Lakini nani angenipa kipaza sauti? Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, funguo mkononi, nikatabasamu na wenzangu.

Na nilimpenda, hilo ndilo linaloniudhi. Hakuwa mwongo, naamini ndivyo alivyokumbuka. Basi labda Tony naye alikumbuka vyake, akamsimulia mwanawe kwa moyo mweupe kabisa. Na labda Shirley alimpenda dereva wake kwa namna ambayo ndugu zake hawakuiona, kwani ndugu huona yote? Lakini hapana, nikifika hapo narudi nyuma: kama alimpenda, mbona tumesikia ya upande mmoja? Anayesimulia ndiye anayependeza.

Shangazi yako kwa filamu hii humwambii kitu. Alicheka kwenye kuku, akalia kwenye chakula cha Krismasi. Anasema kama mtu ameingia kutafuta raha, akatoka ameona mwaka 1962 mwanamuziki aliyealikwa kutumbuiza Birmingham, kule Alabama, akikatazwa kula ukumbini humohumo, ubaya uko wapi? Ana hoja, ingawa sikumwambia. Wangapi walijua kwamba kitabu chenye jina lile kilikuwapo kweli? Alianza kukichapisha Victor Hugo Green, tarishi wa Harlem, New York, mwaka 1936, ili weusi wenzake wakisafiri wajue wapi watalala na kula bila kufukuzwa. Kazi ya mtu mweusi kwa ajili ya weusi. Filamu imechukua jina la kitabu, na chenyewe ikakipitia juu juu, tena mikononi mwa dereva Mzungu.

Sasa unataka hukumu. Sitoi. Nilicheka nami, tena kwa sauti, siwezi kujitia mchungu mbele yako. Waliolia waache walie, na waliokasirika wasiambiwe wanaharibu raha ya watu.

Ila jambo moja halinitoki. Viggo Mortensen, aliyeigiza dereva, aliteuliwa kuwania Oscar ya muigizaji bora. Mahershala Ali, aliyeigiza bosi, akaipata ya muigizaji msaidizi. Msaidizi! Ziara ni yake, piano ni yake, aliyefukuzwa mezani ni yeye, halafu msaidizi ni yeye. Mama yako ananiambia niweke kalamu chini, nitaandika mpaka asubuhi.

Baba yako