Kabla ya kuhesabu spishi, yasome maji ya mto

Mwenzangu unayeanza kazi ya kutathmini athari za matuta, mabwawa na unyooshaji wa mito kwa bayoanuwai, usikimbilie orodha ya spishi. Anza na maji. Kabla hujatega wavu hata mmoja, tafuta kumbukumbu za kina cha mto za miaka mingi kadiri zinavyopatikana, uzilinganishe za kabla ya mradi na za baada yake, ili ujue mafuriko huja mwezi gani, hufika wapi, hukaa kwa muda gani na hupungua kwa kasi gani. Samaki wengi wa nyanda za mafuriko hutaga pale maji yanapotanda kwenye nyasi, na vifaranga hukulia humo mpaka maji yanapoanza kurudi mtoni. Kwa hiyo bwawa linaweza kupitisha maji yaleyale kwa jumla ya mwaka na bado likavuruga uzazi huo, kwa kuwa limeyaondoa katika majira ya mafuriko na kuyatoa wakati wa ukame. Ripoti inayotaja wastani wa mwaka peke yake haiwezi kuonyesha hasara hiyo.

Jambo linalowapotosha wageni wengi, na ambalo naliona kuwa zito kuliko yote, ni kutotofautisha kiumbe aliyepo na kiumbe anayezaliana. Kome wa lulu wa mito ya Ulaya anaweza kuishi zaidi ya miaka 100, na mabuu yake hujishikiza kwenye matamvua ya samoni au trauti kabla ya kudondoka na kujificha katika changarawe ya sakafu ya mto. Samaki hao wakizuiwa na ukuta wa bwawa, au changarawe ikizibwa na tope laini, kome wazee wataendelea kuonekana kwa miongo kadhaa, na kila mtathmini atakayepita ataandika kwamba spishi ipo. Ndiyo maana nasisitiza kupima urefu wa kila gamba kwa milimita: ukikuta makubwa pekee bila madogo, umeshaipata athari hata kama idadi haijashuka. Fanya vivyo hivyo kwa miti ya kingoni. Mbegu za mierebi na mipopla huhitaji mashapo mapya yaliyo wazi, yenye unyevu ulioachwa na mafuriko, hivyo tafuta miche, usiridhike na kivuli cha miti mikubwa.

Vilevile, usiifurahie idadi ya spishi inapopanda. Maji yakituama nyuma ya bwawa, spishi za maziwani na zile zinazostahimili kila hali huingia kwa wingi, huku zile zinazotegemea mkondo wa kasi zikitoweka. Jumla huweza kuongezeka wakati mto unapoteza viumbe wake wa asili.

Kuhusu ulinganisho, sharti uwe na vipimo vya kabla na baada, katika eneo la mradi na katika eneo lisiloguswa, kwa sababu mwaka wa ukame ukiangukia wakati wa ujenzi, hutaweza kutenganisha athari za ukame na za tuta. Mto Kissimmee wa Florida unafaa kusomwa kwa makini. Kati ya 1962 na 1971 mto huo wa kupindapinda, wenye urefu wa kilomita 166, uligeuzwa kuwa mfereji wa kilomita 90, na ndege wa majini wakapungua vibaya. Ulipoamuliwa urejeshwe, takwimu za awali zilikusanywa kabla ya mfereji kuanza kufukiwa mwaka 1999, na sehemu iliyoachwa kama mfereji ikatumika kulinganishia, jambo lililowezesha mabadiliko kuhusishwa na urejeshaji wenyewe. Tena, zungumza na wavuvi mapema, kwa maana wanajua ni vidimbwi gani huungana na mto na kwa maji ya kiasi gani.

Unapofika kwenye mapendekezo, usiandike kwamba mtiririko wa asili uzingatiwe, kwani hakuna mwendesha bwawa anayeweza kufungua lango kwa sentensi ya namna hiyo. Andika mita za ujazo kwa sekunde, wiki ya kuanza, idadi ya siku za kilele, na kasi ambayo maji yatapunguzwa ili vifaranga wapate muda wa kurudi mtoni.