Wote wawili ni AS: tuchague kiinitete au tusichague? Jibu langu kutoka Mtwara

Mleta mada, umeuliza mambo mawili kwa mpigo. Wewe na mchumba wako mmepima na wote ni AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu bila kuugua. Kaka yako aliyeko Marekani anawashauri mtafute pesa mkapandikizwe mimba, viinitete vipimwe kwanza, na chenye selimundu kisiwekwe tumboni. Hapo hapo akaongeza kwamba kule kuna kampuni zinazopima viinitete hadi urefu na akili, na kwamba mkishalipa mchague kabisa mtoto mnayemtaka. Waliochangia kabla yangu wamegawanyika, nusu wanasema ni kumwingilia Mungu, nusu wanasema ni maendeleo. Mimi naishi Mtwara mjini, kwetu asili ni Newala, na nina binti mwenye SS, yaani mgonjwa wa selimundu aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama, ambaye sasa yuko sekondari. Kwa habari ya selimundu, mdogo wangu, nakuambia mkiweza fanyeni na msione haya mbele ya mtu yeyote. Hayo mengine yaacheni.

Niseme kwanza ugonjwa wenyewe, maana naona kuna watu humu wanauongelea kana kwamba ni kupungukiwa damu tu. Binti yangu alianza kuvimba viganja na nyayo kabla hajatimiza mwaka. Ukimshika mkono anapiga yowe, usiku mzima hatulali. Upande wa baba yake wakasema mtoto karogwa, upande wangu wakasema ni mashetani ya ukoo yanadai. Kwenye zahanati tuliyokuwa tukienda aliandikiwa dawa za malaria, akarudi, akaandikiwa tena, mpaka daktari mmoja wa hospitali kubwa alipoagiza kipimo cha aina ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Tangu hapo maisha yetu yamekuwa ya kuwaomba ndugu watoe damu, kumhimiza anywe maji, kumkinga na baridi. Mwezi wa saba simpandishi Newala kwa bibi yake hata akililia, kwa sababu ubaridi wa kule juu humletea maumivu ya mifupa ambayo panado haiyagusi. Tangu aanzishiwe dawa ya haidroksiyurea amepata nafuu kubwa, namshukuru Mungu. Lakini hakuna mzazi aliyemshika mtoto katika maumivu yale atakayemlaumu mwenzake kwa kutaka kuyaepuka.

Na chanzo chake ni kitu kidogo mno. Ni jeni moja, kwenye kromosomu (uzi wa vinasaba) ya 11, ambayo herufi moja ya maandishi yake imebadilika. Himoglobini inayotokana nayo hushikamana ikikosa oksijeni, seli nyekundu inajikunja mfano wa mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na pale inapokwama ndipo panapouma. Mkiwa AS wote wawili, kila mimba ina robo ya uwezekano wa SS, nusu ya AS na robo ya AA, yaani asiye na jeni hiyo kabisa. Nasisitiza kila mimba, kwa sababu kuna wazazi hudhani wakishazaa mgonjwa mmoja basi watatu wanaofuata wamesalimika. Nawafahamu wazazi wa Tandahimba waliopata SS wawili mfululizo. Nchini kwetu inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka.

Anachokisema kaka yako kinafanyika kweli na si cha jana. Mwaka 1990 Alan Handyside na wenzake wa hospitali ya Hammersmith, London, walipata mimba za kwanza zilizotokana na viinitete vilivyopimwa kabla ya kupandikizwa. Kwa selimundu, madaktari wa New York waliripoti mimba ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1999. Mke huchomwa sindano za homoni ili akomaze mayai mengi kwa pamoja, mayai yanatolewa, yanarutubishwa maabara, na baada ya siku 5 au 6 zinachukuliwa seli chache za tabaka la nje la kiinitete zikapimwe. Si kazi nyepesi kwa mwanamke. Homoni zinaweza kuvimbisha ovari hadi alazwe, na kiinitete kizima kabisa kinaweza kuwekwa na kisishike. Mchumba wako aelezwe haya yote na yeye mwenyewe aamue. Mwili ni wake. Asisukumwe na wakwe wala na shemeji wa Marekani.

Hapa kuna jambo ambalo sijaona mtu akiligusa. Mkifika huko mnaweza kushawishika kusema "tupeni AA peke yake". Ya nini? AS si mgonjwa. Wewe ni AS, mchumba wako ni AS, na mmefika umri wa kuoana bila kujua mpaka mlipopima. Tena jeni hiyo imedumu katika damu yetu kwa sababu. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake huku huku Afrika Mashariki, alionyesha kwamba wenye AS wanakingwa dhidi ya malaria, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mtoto wa AS ana kinga ya karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye malaria nyingi. Ukitupa viinitete vya AS unapunguza nafasi yenu ya kupata mimba, kisha unatupa kinga ambayo pengine ndiyo iliyowavusha babu zako utotoni. Kama wataalamu wangefuta herufi ile kwenye vizazi vyote miaka 500 iliyopita kwa kuiona mbovu, watoto wengi wa ukanda huu wasingefika kutahiriwa. Ndiyo maana namwogopa mtu anayesema anajua jeni ipi ni nzuri na ipi ni mbaya bila kuuliza mtoto ataishi wapi.

Binti yangu nilimsomea swali lako. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mama, lakini hapo usingenizaa mimi bila ugonjwa. Ungezaa mtu mwingine." Ni kweli tupu. Kuchagua kiinitete si kumponya mtoto. Ni kumleta mwingine mahali pake, na wanaoishi na selimundu, wenye ualbino na viziwi wana haki ya kuuliza tunawaonaje sisi tunaochagua. Jibu langu kwake lilikuwa kwamba ningeyakataa maumivu, ila yeye nimeshampata na simbadilishi na mtu. Hakuridhika moja kwa moja, na sikumlazimisha. Nanyi mkichagua, msije mkasema mbele ya mtoto mgonjwa wa jirani kwamba "sisi tulijiepusha na hayo". Na msiache kupigania kliniki za selimundu na benki za damu kwa sababu kwenu limepita. Hofu yangu kubwa kuhusu teknolojia hii ni kwamba wenye uwezo wakishaukimbia ugonjwa, utabaki ugonjwa wa maskini, na dawa yake haitakuwa na msemaji.

Kwa upande wa dini nitakuwa mfupi, kwa sababu mna viongozi wenu. Kanisa Katoliki linakataa kurutubisha yai nje ya mwili tangu lilipotoa tamko lake mwaka 1987, na ukienda kwa watawa wa Ndanda utaambiwa hivyo hivyo. Kwa sisi Waislamu, wanazuoni wengi wa Kisunni wanaruhusu ikiwa yai ni la mke na mbegu ni ya mume wake na ndoa ipo. Fungeni ndoa kwanza.

Sasa urefu, akili, rangi na jinsia. Kuchagua kiinitete si kuumba. Unachagua miongoni mwa vile ambavyo nyinyi wawili mmevitoa, na kama kwenu hakuna vinasaba vya urefu, hatatoka mrefu. Tena selimundu ni jeni moja, lakini urefu unaendeshwa na maelfu. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, wa watu zaidi ya milioni 5, ulihesabu sehemu zipatazo 12,000 za vinasaba zinazohusika na urefu. Watafiti wengine walipiga hesabu mwaka 2019 wakaona kwamba ukichagua kiinitete bora kati ya kumi, unaongeza kwa wastani kama sentimita 2.5 na alama 2.5 za kipimo cha akili. Na hesabu hizo zimejengwa zaidi kwa takwimu za watu wenye asili ya Ulaya. Zikiletwa kwa Mmakonde au Mmwera zinapungua nguvu sana. Mtakuwa mmelipia kubahatisha. Sentimita hizo mtoto atazipata kwa mayai, samaki na maharage katika miaka yake ya mwanzo, na kwa kuepushwa na minyoo.

Tuseme basi siku moja itawezekana kwa uhakika. Bado nakataa, na sababu yangu ni bibi yake bibi yangu. Alikuwa na nembo (chale za urembo) usoni na ndonya, kile kipande cha mti kinachopachikwa kwenye mdomo wa juu, kama wanawake wengi wa uwanda wa Newala wa wakati wake. Mjerumani Karl Weule alipopita Masasi na Newala mwaka 1906 aliwapiga picha wanawake wa namna hiyo. Huo ndio ulikuwa uzuri, na msichana asiye nao alionekana amepungukiwa. Leo hakuna binti wa Mtwara anayetaka ndonya. Anataka weupe, ndiyo maana mkorogo haukauki madukani ingawa krimu zenye viambata vya sumu zimepigwa marufuku. Mjukuu wake atataka nini, nani anajua? Ndonya huvuliwa na mkorogo huachwa, japo ngozi imeshaumia. Rangi uliyomchagulia mtu kwenye vinasaba haivuliki, anairithisha na watoto wake, na jua la huku halibadiliki kufuata mitindo. Waulizeni wenye ualbino jua hili linafanya nini kwenye ngozi isiyo na rangi ya kuikinga. Maumivu ya mifupa mtoto yeyote, wa zama zozote, angeomba aepushwe nayo. Weupe ni ombi la mzazi.

Jinsia nayo. Kwetu Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba ana kauli juu ya mtoto kuliko watu wa bara wanavyodhani. Bibi zetu walishangilia mtoto wa kike kwa sababu ndiye anayeendeleza ukoo. Sehemu nyingine hali ni kinyume. India walilazimika kutunga sheria mwaka 1994 kuzuia vipimo vya jinsia ya mimba, kwa sababu wasichana walikuwa wanaondolewa. Mchumi wa India Amartya Sen aliandika mwaka 1990 kwamba zaidi ya wanawake milioni 100 wanakosekana duniani kwa kubaguliwa. Walioondoa wasichana hao walikuwa wazazi wanaochagua, kila mmoja nyumbani kwake, bila serikali kuwaamuru.

Na serikali nazo zikiingia huwa balaa zaidi. Marekani katika karne iliyopita iliwafunga uzazi watu zaidi ya 60,000 walioitwa wasiofaa, na Mahakama ya Juu ya kule ikabariki mwaka 1927. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria yake mwaka 1933 ikawafunga uzazi watu wapatao 400,000. Walioamua nani anafaa walikuwa ni pamoja na madaktari na maprofesa.

Kuna mchangiaji amechanganya kuchagua na kuhariri jeni, yaani kubadilisha herufi zake, nimjibu kidogo. Mwaka 2018 mwanasayansi Mchina He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri vinasaba wakiwa viinitete, ati wasipate virusi vya UKIMWI. Watoto wale hawakuwa na ugonjwa wowote wa kutibiwa. Alihukumiwa miaka 3 jela. Hilo ni tofauti na tiba ya selimundu iitwayo Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Hiyo inahariri seli za uboho za mgonjwa mwenyewe na hairithiwi. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2. Niliposoma bei hiyo nilikuwa nimekaa kitandani kwa binti yangu wodini, na nililia.

Pesa ndiyo itakayoamua kwenu pia. Upandikizaji kwenye vituo binafsi vya Dar es Salaam ni mamilioni ya shilingi kwa jaribio moja, na kupima viinitete ni gharama juu ya gharama. Msiuze shamba la mikorosho kwa jaribio moja, maana likishindikana hamna mtoto na hamna shamba. Kabla ya yote hakikisheni majibu yenu. Kipimo cha haraka cha kuangalia kama seli zinajikunja hakitofautishi AS na SS, kwa hiyo ombeni kile cha kutenganisha himoglobini. Mkienda kituoni ulizeni sampuli za viinitete zinapelekwa kupimwa wapi, vilivyobaki vinafanywa nini, na kati ya wanawake wa umri wa mchumba wako wangapi wametoka na mtoto mkononi. Wasiwape idadi ya waliopata mimba tu.

Na mkiamua kuzaa kwa njia ya kawaida, hamjakosa. Robo tatu ya uwezekano iko upande wenu. Mtoto apimwe akiwa mchanga, msisubiri viganja vivimbe. Akiwa SS aanze penisilini akiwa na miezi miwili au mitatu na aendelee mpaka miaka mitano, chanjo zote apate, chandarua kila usiku. Kuhusu gharama za kila siku za kumlea mtoto wa SS huku kusini, niulize hapa hapa kwenye uzi, nitajibu.